Sikre ya Kupatana

Kuna kitu kimoja nikikiona mpaka leo roho inanichafuka: kifuko cheusi cha plastiki, kimefungwa fundo juu, ndani mna sukari. Mama alipokatwa kidole cha mguu, vifuko vile viliingia nyumbani kwetu kuliko nzi. Huku Baraka, mjini kwetu kando ya ziwa, huendi kumwona mgonjwa na mikono mitupu. Unapeleka sukari, unapeleka mkate, na ukiwa na uwezo unaongeza chupa za sikre, ndivyo tunavyoita soda. Na mama yangu alikuwa anaumwa nini? Ugonjwa wa sukari. Walijua. Walikaa kwenye viti vyetu, wakatikisa vichwa, wakasema masikini, sukari imemkula mama wa watu, kisha wakafungua kifuko na kumkorogea chai.

Mmoja wao, mwimbaji wa kwaya, alichovya mkate ndani ya chai huku akitazama pale kidole kilipokuwa. Muuguzi alikuwa anabadilisha bandeji siku ile, kidonda kiko wazi, kina rangi ambazo sitazitaja kwa kuwa huenda msomaji anakula. Yeye hakuacha kutafuna. Mkate ulioletwa kwa mgonjwa aliumaliza mwenyewe, akapangusa makombo yakaanguka juu ya mkeka wetu, akauliza kama kidole kilizikwa au kilitupwa. Nilitoka nje na mtoto wangu mgongoni ili nisimpige mama wa watu.

Mume wangu alikuwa Kilembwe kwa biashara zake, nami nilikuwa nimerudi kukaa kwa mama na mtoto wa kunyonya. Ndiyo sababu maneno yote ya muuguzi yaliangukia masikio yangu. Mama mwenyewe alikuwa anamsikiliza kama watu wanavyosikiliza redio wakiwa wanapika.

Mama alikuwa mwanamke wa mwili. Kwa miaka aliuza mafuta ya mawese yanayoshuka kutoka Lubondja, na kazi ya kuuza mawese ni kukaa. Unakaa kwenye kigoda katikati ya bidoni zako, madumu ya mafuta, tangu asubuhi, mteja anakuja, unainua mkono tu. Chakula kinakufuata pale pale: bugali wa muhogo mkubwa kama kichwa cha mtu, samaki, sombe, kisamvu chetu, linaloogelea kwenye mafuta, na sikre ya kushushia. Watu sokoni walimsalimia mwili kwanza, yeye baadaye. "Mama, umebeba mwili," walimwambia, naye alisimama na kujigeuza polepole ili waone na nyuma. Mwili ule ulikuwa kibao cha duka lake. Ulisema: hapa mambo yanakwenda, hapa hakuna njaa, hapa hakuna aliyelogwa.

Muuguzi wa kituo cha afya, ambaye sisi sote tunamwita docta, alimwambia wazi. Sukari yake ni ile ya aina ya pili, ambayo vidonge peke yake haviiwezi kama mtu anaendelea kuishi vilevile. Apunguze bugali nusu. Aongeze majani, lengalenga na mengine, mafuta kidogo tu. Sikre aache kabisa. Na kidonda kikishafunga, atembee kila asubuhi, na viatu vya kufunika vidole. "Usipobadilisha, mama," alisema, "siku nyingine hatutakata kidole. Tutakata hapa." Akaweka kiganja chake chini kidogo ya goti la mama. Mama alikitazama kile kiganja kama kilikuwa kimewekwa juu ya mguu wa jirani.

Katika maneno yote yale alichukua moja: sukari. Aliacha sukari ya kwenye chai. Aliiacha kwa matangazo, soko zima lilijua, watu walimpongeza. Halafu siku moja nilikwenda kumpelekea chakula nikakuta chini ya meza yake chupa tupu za sikre zimelala kama watoto wa paka. Nilimuuliza ni za nani.

"Zangu."

"Docta alisema nini, mama?"

"Alisema sukari. Hii iko sikre."

Hakuwa anatania. Nilimweleza, mimi mwenye diploma yangu ya sekondari, kwamba sikre ni neno la Kifaransa, na maana yake ni kitu kilichotiwa sukari, jina lenyewe linakiri. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa uvumilivu mkubwa.

"Kifaransa iko yako," alisema. "Mi nakunywa mu Kiswahili."

Wenzake wa sokoni walicheka mpaka wakashika mbavu, na muuza samaki wa pembeni akampa chupa nyingine kwa jibu zuri. Nilirudi nyumbani na hasira yangu. Usinielewe vibaya, mama yangu nampenda. Lakini kumpenda mtu na kumwonea kinyaa vinaweza kulala kitanda kimoja, na wakati ule mimi ndiye niliyekuwa kile kitanda.

Nikaanza vita. Nilipika bugali mdogo. Nilizuia vifuko mlangoni, nikashukuru, nikavirudisha na wenyewe. Haikupita muda kwaya yote ilisema binti yake anamnyima chakula ili arithi nyumba. Walimwambia mama mbele yangu: angalia shingo yako, imeanza kuonekana. Waliisema kama watu wanaotoa rambirambi. Kwetu mtu akipungua hawaulizi amefanya nini. Wanauliza ni nani anayemfanya. Na mama, badala ya kunitetea, alijishika shingo na kushusha pumzi.

Kidonda kilifunga hata hivyo, polepole. Muuguzi akaniambia kuna bamama wengine wawili wenye sukari ya namna ileile na mwili wa namna ileile: mke wa shemasi wa kanisa letu, na mama mmoja anayeuza vikwembe, vile vitenge vya kushona. Watembee pamoja na mama, alisema, peke yao hawatatoka. Na mimi niliye na miguu mizima niwaongoze. Nilikubali, si kwa moyo mwema. Nilikubali kwa sababu nilitaka kumwona mama yangu akitoka jasho.

Tulitafuta viatu kwenye mitumba. Mama alipata raba za mwanaume, nyeupe, kubwa, akazivaa huku akiapa kwamba hakuna mtu wa ukoo wake aliyewahi kuvaa hivyo akiwa hai. Tukapanga kuanza alfajiri, barabara ya kuelekea Fizi, kabla watu hawajajaa na kutucheka.

Hapo ndipo kosa lilipolala, na hata docta hakuliona.

Huku kwetu mwanamke aliye barabarani alfajiri ana kitu kichwani. Beseni, bidoni, jembe, kuni, mzigo wa muhogo. Siku ya Mungu ana Biblia. Na anatembea mwendo wa mtu mwenye mzigo. Sasa wewe jiwekee picha: wanawake wanne wanatokea gizani, mikono mitupu, mmoja amefunga mtoto mgongoni, wanatembea mbio, hawasalimii mtu kwa kuwa hawana pumzi ya kusalimia. Na huyo wa mtoto, aliye mbele, anageuka kila mara na kusema kwa sauti ya chini: "Haraka, bamama. Musisimame. Musiangalie nyuma."

Mtoto yeyote wa Fizi anajua hiyo ni nini. Tumeijua kabla ya kujua kusoma. Mimi mwenyewe nilibebwa hivyo mgongoni wakati wa vita, mama huyuhuyu akiwa mwembamba.

Mwanamke mmoja alikuwa anafagia mbele ya nyumba yake. Aliinua kichwa. "Munatoka wapi?"

Muuza vikwembe alikuwa amekwisha kabisa, ulimi nje. Hakuweza kusema. Aliinua mkono tu na kuonyesha nyuma.

Fagio likaanguka. Yule mwanamke aliingia ndani, na hata hatujafika nyumba ya tatu alikuwa ametoka na mtoto kiunoni na sufuria mkononi. Akagonga kwa jirani. Jirani akagonga kwa jirani. Milango ikaanza kufunguka nyuma yetu, na mimi, mjinga, nilifikiri watu wanaamka. Kisha mwanaume akatupita na godoro kichwani. Kisha pikipiki imebeba watu watatu na mbuzi. Nikasikia mtu anauliza "Beko wapi?" na mtu mwingine anajibu "Beko nyuma," kwa uhakika wote, kama aliyewaona kwa macho.

Muuza vikwembe alinishika nguo. "Kuko nini?" aliniuliza. "Juu ya nini bantu banakimbia?"

Kijana aliyekuwa anatupita na kuku kwapani ndiye aliyemjibu. "Banakuya, mama. Ona, hata bamama banene banakimbia."

Basi mama mnene akakimbia. Aliposikia kwamba hata wanene wanakimbia, yeye ambaye ndiye aliyesemwa, akaniachia nguo akaondoka. Mke wa shemasi akamfuata huku akiita damu ya Yesu. Nilipiga kelele: ni sisi, ni sisi wenyewe, hakuna mtu nyuma, wanatukimbia sisi. Nani alisikia? Na mama yangu, ambaye kutoka kitandani mpaka chooni ni safari ya maharage kuiva, mama yangu alinipita kama mbuzi aliyekata kamba.

Nilisimama katikati ya barabara. Mtoto wangu mgongoni alikuwa anacheka, aliona mchezo. Mimi nilitaka kutema mate. Nilimwonea kinyaa mama, kwamba nguvu ile alikuwa nayo siku zote na alinificha, akanifanya nimbebee maji ya kuoga. Niliwaonea kinyaa watu kwa kuamini mkono wa mtu aliyekosa pumzi. Zaidi ya yote niliwaonea kinyaa wale waliotufundisha hivi, walio na bunduki na wasio na bunduki, sijui niwaiteje, mpaka mwanamke hawezi kutembea kwa ajili ya mguu wake bila mtaa mzima kubeba magodoro.

Nilimkuta ziwani. Watu walikuwa wamejaa ufukoni na mizigo yao, na mama alikuwa amekaa ndani ya mtumbwi usio wake, ameshika kingo mbili kwa mikono miwili, anawaamuru wanaume wausukume. Hakuniuliza nimepitia wapi. Hakumuulizia mjukuu. Aliponiona alisema tu, "Ingia." Raba moja haikuwepo. Mguu usio na raba ulikuwa mguu uleule, na chini yake damu ilikuwa inachanganyika na maji ya mtumbwi. Alikanyaga kitu, chupa au bati, hakujua. Hakuwa amesikia maumivu. Ile sukari inaua hata kusikia.

Nilikaa chini kwenye mchanga. Sikuwa ninaona damu, nilikuwa ninaona kile kiganja cha docta chini ya goti.

Watu walipojua kwamba hakuna vita, kwanza walicheka. Kucheka kuliisha haraka. Mmoja alirudi akakuta sufuria zake zimeibwa, mwingine ameteguka mkono, mwanamke mmoja mjamzito alikuwa ameanguka mferejini na kwa neema ya Mungu hakuumia. Shefu wa avenyu, ndiye mkuu wa mtaa wetu, akatuita sote wanne uani kwake. Tulikalishwa kwenye benchi kama wezi wa kuku. Mama mguu wake umefungwa bandeji mpya, muuguzi alikuwa ameusafisha na kunigombeza mimi, si yeye.

Shefu aliuliza tulikuwa tunakwenda wapi. Nilimjibu hatukuwa tunakwenda mahali. Kwa hiyo mulikuwa munatoka mahali, alisema. Nikasema hapana, tulikuwa tunatembea tu. Watu wakaguna. Alinitazama kama mtu anayetafuta ufa kwenye sufuria.

"Muntu anatembea bila kuenda mahali?"

"Docta alisema. Ni dawa ya sukari."

"Docta alisema mutishe bantu?"

Hapo nyuma palikuwa na mzee aliyeshuka kutoka vijijini na familia yake, wale wanaolala darasani kwa kuwa nyumba zao hazipo tena. Alisema kwa upole, bila kutuelekea. Alisema yeye ametembea sana maishani, na kila mara alikuwa anatafuta cha kula. Ni mara ya kwanza kusikia mtu anatembea ili apoteze alichokwisha kula. Nilichojua mimi ni kwamba mguu wa mama ungekatwa vilevile, mzee ashibe au alale njaa.

Hukumu ilikuwa hivi. Faini ya pesa shefu hakutaka. Alitaka tupatane na mtaa, na kupatana kwetu ni kunywa. Zamani ingekuwa pombe, lakini siku hizi sisi ni watu wa kanisa, kwa hiyo ni sikre. Tulete kasha. Wenye kosa wanywe kwanza, kila mmoja chupa yake, mbele ya watu, mpaka chini, kwa kuwa amani haibakizwi ndani ya chupa. Kisha wengine wote wanywe, na maneno yaishe.

Muuza vikwembe alituma kasha likaletwa palepale. Sikre ya machungwa, ya moto, ilikuwa imesimama juani mlangoni mwa duka. Chupa zikafunguliwa zikawekwa mbele yetu.

Nilisema hawa bamama hawawezi kunywa kitu hiki. Nikaeleza ugonjwa, nikaeleza kidole, nikaonyesha bandeji. Shefu alikuwa anaitikia kwa kichwa kwa huruma ya kweli, na nilipomaliza alisema, "Chupa moja haiue muntu, mama." Na uani pote watu wakaitikia: chupa moja haiue. Wimbo gani huo. Kipande kimoja hakiue, siku moja haiue, sherehe moja haiue. Kidole cha mama yangu kilizikwa nyuma ya hospitali na hizo moja-moja zote juu yake.

Nikageuka kumtazama mama ili aseme mwenyewe. Mama alikuwa ameshika chupa yake. Si kwamba alilazimishwa. Alikuwa ameikumbatia kwa mikono miwili na uso wake ulikuwa unang'aa kama mtoto aliyepata ruhusa ya kuiba. Mke wa shemasi aliikodolea yake kwa woga, muuza vikwembe aliikodolea yake kwa aibu, lakini mama yangu alikuwa na furaha. Akanitazama akasema kwa sauti tamu, "Ni ya amani, mwanangu," na akaiinua.

Nilimnyang'anya mdomoni. Jino lake liligonga kwenye kioo, kila mtu alisikia.

Hakuna msomaji wa kwetu ninayehitaji kumweleza ile ni nini, kumnyang'anya mama yako chupa kinywani mbele ya wanaume. Kisha mwimbaji wa kwaya, yule wa mkate, akasema taratibu kwa jirani yake, na alitaka nisikie: "Si mi nilisema? Njo vile anamunyima nyumbani."

Damu ilinipanda mpaka nikaona giza. Nilimwambia shefu kwamba bamama hawa hawakumtisha mtu, niliyewapeleka mbio ni mimi, maneno ya haraka-haraka yalitoka kinywani mwangu mimi. Kama amani inanywewa, mtoto anaweza kunywa kwa ajili ya mzazi wake. Damu si ni moja?

"Na za hawa bengine?" shefu aliuliza. Alifikiri amenishika.

"Zote."

Nilikunywa. Ya kwanza ilikuwa yangu, ilipita. Ya pili ilikuwa ya mama, niliinywa nikimtazama, na nilipomaliza kitu kizito kama gundi kilikuwa kimeshika meno yangu. Mtoto wangu alikuwa ananyonya wakati huo, nikawaza sasa hata yeye anakunywa. Ya tatu ilinitokea puani. Watu walikuwa wanahesabu kwa sauti mwanzoni, kama kwenye mpira, lakini katikati ya tatu waliacha. Ya nne sijui ilipitaje. Niliipindua kuonyesha kwamba iko tupu, nikamkabidhi mke wa shemasi mtoto, nikainama, na zote nne zikarudi, machungwa na povu, pale mbele ya viatu vya shefu.

Sasa pakawa na mjadala, na ninaapa ulikuwa wa kweli kabisa, watu wazima walisimama wakazungumza mmoja mmoja. Amani iliyotapikwa ni amani bado? Wengine walisema hapana, imekataliwa na tumbo, ni alama mbaya. Wengine wakasema kasha lingine liletwe. Mimi nilikuwa nimeshika ukuta wa choo cha shefu, nikisikiliza watu wanabishania matapishi yangu kama Maandiko. Aliyemaliza ni bibi mmoja kizee, mama wa shefu mwenyewe, aliyekuwa amekaa mlangoni akipepeta mchele.

"Ameimeza," alisema. "Tulisema aimeze. Hatukusema ikae."

Shefu akakubali, akahamisha viatu vyake. Aliongeza sharti moja tu: tukitaka kutembea tena, kila mmoja awe na kitu kichwani, tusalimie watu, na nisigeuke nyuma tena kusema haraka. Watu wakanywa sikre zilizobaki. Walikunywa vizuri sana.

Mama hakusema nami njia yote, wala siku zilizofuata. Alisema neno moja tu, tulipofika: "Ulininyang'anya mu kinywa mbele ya bantu." Nilimjibu nitamnyang'anya tena.

Kile kidonda kipya kilikuwa chini ya unyayo, kirefu. Docta alikichimba, akakiosha, akasema kisipofunga yeye hana la kufanya tena, atampeleka hospitali na huko wanajua kazi yao. Hakuweka kiganja chini ya goti safari hii. Hakukuwa na haja. Nilikuwa naosha nguo za mtoto na ninapiga hesabu ya magongo, mlango wetu una kizingiti, choo kina ngazi, sokoni atafikaje.

Lakini mama alikuwa amenikasirikia, na hasira yake ikafanya kile ambacho upendo wangu ulishindwa. Alikataa bugali wangu. Nikimwekea, anausukuma kwa kidole kimoja, anakula majani na kipande cha samaki, anakunywa maji, anageukia ukutani, ili nione aibu na mtaa uone ninavyomtesa. Nami niliona aibu gani? Niliendelea kuuweka na kuuondoa. Wageni wa vifuko walikuja wachache safari hii. Nafikiri waliogopa nitawatapikia. Mmoja aliyethubutu kuleta chupa, mama alimwambia aipeleke kwa binti yake, yeye ndiye mnywaji wa familia.

Docta alipomchoma kidole kupima, alitazama mashine yake, akaitingisha, akachoma kidole kingine. Akamuuliza mama amekuwa anafanya nini.

"Nimekasirika," mama alisema.

Sukari ilikuwa imeshuka kuliko siku zote tangu aanze kupimwa. Docta alimsifu, akamwambia aendelee vilevile, na mama akanitazama kwa jicho la ushindi, kama mtu aliyenishinda kwenye kesi. Nilimwachia. Kama anataka kupona ili kunikomoa, apone. Kidonda kilianza kuvuta ngozi kutoka pembeni, siku moja kikaonekana kama mdomo wa mzee asiye na meno, siku nyingine kikafunga.

Sasa tunatembea. Mama ana bidoni ya njano tupu kichwani, muuza vikwembe ana beseni lenye kitambaa juu, mke wa shemasi ana kikapu, na ndani ya vyote hakuna kitu. Kila alfajiri tunadanganya mtaa mzima kwamba tunakwenda kuuza. Inanichukiza. Watu wanajua hatuuzi, sisi tunajua kwamba wanajua, na wote tunasalimiana kwa heshima. Mwembamba anapita na mzigo wa kweli unaomvunja shingo, sisi tunapita na mizigo ya uongo ili tusimtishe. Mama anatembea polepole kwenye nyumba, na zikiisha anaongeza mwendo bila kuambiwa. Hasemi kwamba anapenda. Anasema tu kwamba bidoni haimuumizi kichwa.

Jioni anakaa kwenye mkeka na kuninyooshea mguu. Docta alisema utazamwe kila siku, kwa kuwa yeye mwenyewe hausikii na akiinama tumbo bado linamzuia. Ninaushika kisigino, ninatazama unyayo kwa taa ya simu, ninapitisha kidole kati ya vidole vinne vilivyobaki, na ninaunusa, maana kuoza kunaanza na harufu kabla ya rangi. Mama anatazama pembeni.

"Unanuka?" anauliza.

"Unanuka."

Anashtuka kidogo, kila jioni anashtuka. Ninamwacha akae na hofu ile kwa pumzi moja, kwa sababu mimi si mtu mwema. Kisha ninamwambia ni jasho na raba, ni mguu tu, aurudishe chini.